Mwalimu wa Mbali Kando ya Ziwa Viktoria

Katika mwezi wa Januari mwaka wa 1968 ilianzishwa mjini Mwanza kazi moja ya elimu ambayo mataifa mengi yaliitazama kwa hamu. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha watu wazima wa mikoa minne ya Kanda ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga, kusoma, kuandika na kuhesabu. Na njia iliyochaguliwa haikuwa ya kukaririsha herufi, bali ya kuanza na kazi zao wenyewe za kila siku: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi na mambo ya nyumbani. Serikali ya Tanzania ilishirikiana na UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa kuitenda.

Zaidi ya nusu karne imepita tangu siku hizo. Leo, katika mji ule ule wa mawe, mhadhiri huketi mbele ya kompyuta akawasemesha wanafunzi asiowaona, nao wamo Sengerema, Geita, Bunda au kisiwani Ukara. Swali linalomtatiza ni hili: mtu aliye mbali, asiyeonekana kwa macho, atafanywaje ashiriki somo kwa akili yake na mikono yake, wala asiwe msikilizaji tu? Swali hilo hudhaniwa kuwa limezaliwa na mtandao. Historia ya mwambao wa Ziwa yashuhudia kwamba ni la zamani zaidi, kwamba liliwahi kujibiwa kwa sehemu kubwa, na kwamba jibu lenyewe lilikuwa na upungufu ambao hata leo haujatengenezwa. Kwa sababu hiyo yafaa habari hizi zisimuliwe kwa taratibu.

Kujifunza kwa kutenda hakukuletwa Ziwani na wageni. Mtoto wa mvuvi alijifunza kusuka nyavu kwa kusuka, na kuuelekeza mtumbwi kwa kuushika kasia. Kwa Wasukuma palikuwa na shikome, moto wa jioni uliowakusanya wanaume na vijana uani, ambapo habari za wazee zilisimuliwa na vitendawili vikategwa. Hapo kijana hakuachiwa raha ya kusikiliza tu. Aliulizwa, naye hakuwa na budi kujibu, na akishindwa alichekwa, kisha akafunuliwa maana. Elimu ya shikome haikuwa na kitabu, lakini ilikuwa na kitu ambacho shule nyingi za baadaye zilikikosa, nacho ni desturi ya kumtaka anayejifunza aseme.

Shule za misheni zilipofunguliwa katika mwambao huo, kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19, zilileta kusoma na kuandika, na hiyo ilikuwa neema kubwa isiyoweza kukanushwa. Walakini zilileta pia desturi ya maswali yaliyokwisha kuandikiwa majibu. Mafundisho ya katekisimu yalikaririwa neno kwa neno, na aliyesifiwa ni yule aliyerudisha jibu kama alivyolipokea. Shule za serikali ya kikoloni hazikuwa na tofauti kubwa. Mwalimu alisimama, ubao ukajaa, madaftari yakajaa, na kimya cha darasa kikahesabiwa kuwa ni alama ya adabu na akili.

Jambo lililowafanya watu wazima wa Jimbo la Ziwa waone haja ya kisomo halikutoka darasani. Lilitoka kwenye mizani. Wakulima wa pamba waliopeleka mavuno yao kwa wanunuzi walishuku kwamba uzito uliosomwa haukuwa uzito uliobebwa. Na mtu asiyejua tarakimu hana hoja mbele ya mizani. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, kisha wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka wa 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake yakiwa Mwanza, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho hilo lilikua likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima. Wanachama wake wengi walikuwa hawajui kusoma hesabu za chama chao wenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na mzizi wa mambo yote yaliyofuata: watu walikuwa na mali, walikuwa na chama, walikuwa na swali la haki, kilichopungua ni kisomo.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961, jambo hili liligeuka kuwa la taifa. Alipoueleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano katika mwaka wa 1964, Rais Nyerere alisema waziwazi kwamba nchi haiwezi kungoja watoto wakue. Kwamba matunda ya kuwasomesha watoto hayataonekana katika uchumi kwa miaka mitano, kumi, au hata ishirini, na kwa hiyo watu wazima lazima wafundishwe kwanza. Sensa ya mwaka wa 1967 ilionyesha ukubwa wa kazi hiyo: katika kila watu 100, kiasi cha 67 hawakujua kusoma na kuandika. Wakati huo huo mawaziri wa elimu wa dunia walikwisha kutana Tehran, katika Septemba 1965, wakakubaliana kwamba kisomo kifungamanishwe na kazi na maendeleo. Kutokana na mkutano ule zilichaguliwa nchi 11 za kufanyia majaribio, na Tanzania ilikuwa moja yao. Mwanza ilipata kuwa makao ya jaribio kwa sababu zinazofahamika. Kanda hiyo ilikuwa na watu wengi, ilikuwa na zao la biashara lililoenea kila kijiji, ilikuwa na ushirika, na ilikuwa na kituo cha utafiti wa pamba cha Ukiriguru, ambacho tangu miaka ya 1930 kilikuwa kikitafuta mbegu na njia bora za ukulima.

Utaratibu wa kufundisha uliitwa kisomo chenye manufaa. Watu wenyewe waliyaita madarasa hayo ya ngumbaru, neno lenye mzaha ndani yake, lakini wengi waliokubali mzaha huo walikwenda darasani jioni baada ya kazi, koroboi mkononi. Somo liliwekwa liwe hivi. Kwanza ilionyeshwa picha ya jambo ambalo kila mmoja alilijua, mathalani shamba la pamba lililochelewa kupaliliwa. Mwalimu aliuliza kinachoonekana, sababu yake na matokeo yake, na wanafunzi wakajadiliana. Kutokana na mazungumzo ilipatikana sentensi. Sentensi ikaandikwa ubaoni. Ikakatwa maneno, na maneno yakakatwa silabi, na silabi zikaundiwa maneno mapya. Kisha ilikuja hesabu ya jambo lile lile: kilo, shilingi, ekari. Mwisho bwana shamba alitakiwa aende pamoja na darasa mpaka shambani, ili nafasi kati ya mistari ipimwe kwa mikono ya wanafunzi na pamba safi itengwe na pamba chafu mbele ya macho yao. Kwa wavuvi palikuwa na kitabu chao, kwa wafugaji chao, na kwa wakulima wa migomba wa Bukoba chao.

Uzuri wa utaratibu huo ulikuwa katika mpango wake. Mwanafunzi hakuanza na asilolijua, bali alianza na ujuzi wake mwenyewe, akaupata umeandikwa, akaurudia akiwa na uwezo mpya. Mkulima aliyelima pamba miaka ishirini hakuwa mjinga mbele ya mwalimu kijana aliyemaliza darasa la saba. Alikuwa mjuzi wa kazi aliyekosa maandishi. Walimu wengi walikuwa vijana wa namna hiyo, pamoja na walimu wa shule za msingi, wakijitolea kwa posho ndogo. Kwa hiyo ilibidi elimu ipite pande zote mbili, na darasa lililoendeshwa vizuri lilimfundisha mwalimu pia.

Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita zilichaguliwa zifute ujinga wa kutojua kusoma ifikapo sherehe za miaka kumi ya Uhuru, Desemba 1971, na moja ya wilaya hizo ilikuwa Ukerewe, visiwa vilivyomo ndani ya Ziwa lenyewe. Kuchaguliwa kwa Ukerewe kulikuwa na maana. Mtu asiyeweza kufikiwa ila kwa mtumbwi au meli ni kipimo kizuri cha elimu, kwa kuwa mwalimu wake hawezi kuja kila siku wala mkaguzi hawezi kumshtukia. Ikiwa elimu itaishi huko, itaishi kwa nguvu za wanafunzi wenyewe.

Hapo yafaa kutajwa chombo cha pili, nacho ni redio, maana ndicho kilichofanana zaidi na mafundisho ya mtandao ya siku hizi. Sauti ilitoka Dar es Salaam, ikavuka nchi nzima, ikamfikia msikilizaji aliye Nansio au Majita kwa wakati mmoja na aliye Lindi. Lakini redio ina tabia moja mbaya: haisikii. Husema tu. Anayesinzia na anayefikiri huonekana sawa kwake. Wenye kuiendesha elimu ya watu wazima waliijua tabia hiyo mapema. Huko Canada, tangu mwaka wa 1941 mpaka 1965, wakulima walikusanyika majumbani kusikiliza redio kwa vikundi, na kanuni yao ilikuwa soma, sikiliza, jadili, tenda. India iliijaribu njia hiyo katika vijiji vya Poona mwaka wa 1956. Tanzania nayo ilikuwa na mazoezi yake: Kituo cha Elimu ya Ushirika cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka wa 1964, kiliwafundisha wanachama wa vyama kwa vikundi vya kujisomea, kwa barua na kwa redio.

Chuo cha Elimu ya Watu Wazima cha Dar es Salaam kilizichukua njia hizo kikazikuza. Mwaka wa 1971 kilisimamia kampeni ya Wakati wa Furaha, kwa ajili ya miaka kumi ya Uhuru. Mwaka wa 1973 ilifuata kampeni kubwa zaidi, Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, nao waliongozwa na viongozi 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Mwaka wa 1975 ilikuja Chakula ni Uhai, iliyowafikia watu kiasi cha milioni moja na nusu.

Mwendo wa mkutano mmoja wa Mtu ni Afya ulikuwa mwepesi, na ndani ya wepesi huo ndimo ilimokuwa hekima yake. Kikundi kilikusanyika chini ya mti au katika ofisi ya kijiji. Redio ilifunguliwa, kipindi kikasikilizwa, kisha redio ikafungwa. Kitabu kilisomwa kwa sauti na yule ajuaye kusoma, ili asiyejua asiachwe nje. Ndipo yakaja mazungumzo: je, maneno haya ni kweli hapa kwetu? Mwisho ilitakiwa kikundi kiamue jambo la kutenda, na wiki iliyofuata kiulizane kama limetendwa. Fikiria somo la kichocho katika kijiji cha wavuvi. Redio iliweza kueleza kwamba ugonjwa huletwa na mdudu akaaye katika konokono wa maji, na kwamba binadamu mwenyewe humrudishia mdudu huyo makao kwa kuchafua maji. Lakini redio haikuweza kujua watoto wa kijiji kile huogelea wapi, akina mama huchota maji upande gani, na kwa nini hakuna aliyechimba choo katika ardhi ya mawe. Mambo hayo yalijulikana na kikundi peke yake. Elimu ilikamilika pale ujuzi wa mbali ulipokutana na ujuzi wa karibu. Na jembe lililochimba choo cha shimo lilikuwa sehemu ya somo kama kitabu kilivyokuwa.

Kwa hiyo kilichoifanya redio ifundishe hakikuwa ndani ya redio. Kilikuwa katika kikundi kidogo, kiongozi aliyeandaliwa, swali lenye uhusiano na maisha ya wasikilizaji, na tendo lililongojwa baada ya mazungumzo. Ondoa hayo manne, na redio itabaki kuwa sauti ipitayo.

Mwambao wa Ziwa ulishuhudia jaribio la tatu pia. Katika Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ifikapo Novemba 1977. Azimio lilikuwa jema, lakini walimu hawakuwapo, wala vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa katika muda huo. Ikaamuliwa wafunzwe wakiwa kazini. Vijana waliomaliza elimu ya msingi walipewa madarasa ya kufundisha, nao wakajifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa msaada wa waratibu waliokaa karibu nao katika kata, kisha wakamalizia kwa muda mfupi chuoni. Kati ya mwaka wa 1976 na katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya walimu 35,000 walifuzu kwa njia hiyo. Wengi waliilaumu wakisema kwamba ilishusha kiwango, na lawama hiyo haikukosa msingi. Lakini kuna jambo moja ambalo haliwezi kukanwa: mwanafunzi yule alilisoma somo asubuhi na kulijaribu mchana mbele ya watoto hamsini. Kosa lake halikungoja mtihani wa mwisho wa mwaka. Watoto walimwonyesha siku ile ile.

Matokeo ya juhudi zote hizi yalikuwa makubwa. Mtihani wa taifa wa kisomo ulipofanywa katika Agosti 1975, watu kiasi cha milioni 5.2 walikuwa wamejiandikisha madarasani, na wapatao milioni 3.8 walifika kufanya mtihani. Wasiojua kusoma walipungua kutoka 67 katika kila 100 mwaka wa 1967 hadi 39 mwaka wa 1975, na hesabu za serikali za mwaka wa 1986 zilitaja chini ya 10. Vitabu vilivyoandikwa Mwanza kwa ajili ya mikoa minne vilikuwa vimefuatwa na nchi nzima.

Historia, hata hivyo, haiandikwi kwa sifa peke yake. UNESCO na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa zilipotoa tathmini ya majaribio yote ya dunia mwaka wa 1976, maneno yao yalikuwa makali. Zilikubali kwamba jaribio lilikuwa limeielekeza mno elimu kwenye uzalishaji mali, kana kwamba mtu ni chombo cha kuongeza mazao, na kwamba mambo ya jamii, ya utamaduni na ya siasa yalipewa nafasi ndogo. Tanzania ilisifiwa kuliko nchi nyingi, lakini lawama hiyo iliigusa nayo.

Iliigusa wapi? Iliigusa kwanza katika vitabu vyenyewe. Mpango ulisema mazungumzo yaanze, sentensi ifuate. Lakini sentensi ilikuwa imekwisha pigwa chapa kabla ya mazungumzo kuanza, nayo mara nyingi ilikuwa amri: panda mapema, palilia vizuri, tumia mbolea. Mwanafunzi aliyetaka kusema kwamba alichelewa kupanda kwa kuwa hakuwa na jembe la kukokotwa na ng'ombe, au kwamba bei ya pamba haikumlipa jasho lake, hakuipata sentensi hiyo katika ukurasa wowote. Mwalimu asiye na mafunzo ya kutosha alirudi upesi katika desturi aliyolelewa nayo: akasoma, wakaitikia. Mwaka wa 1971 Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyetetea elimu ya mazungumzo dhidi ya elimu ya kumjaza mwanafunzi maneno kama mtungi, alifika Dar es Salaam na kuzungumza na wakuu wa elimu ya watu wazima. Mawazo yake yalipendwa na wengi. Lakini kupenda wazo ni jambo moja, na kulivumilia jibu la mwanafunzi lisilopatana na kitabu ni jambo jingine.

Iliigusa pia katika habari za wanawake. Madarasani wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Waliandaliwa kitabu cha mambo ya nyumbani, cha kupika na kulea, hali katika mashamba ya Usukuma mikono yao ndiyo iliyopalilia na kuchuma sehemu kubwa ya pamba. Walishirikishwa kwa bidii katika somo ambalo liliisahau nusu ya maisha yao.

Na iliigusa mwisho katika jambo zito zaidi. Katika Novemba 1973, miezi michache baada ya Mtu ni Afya kuwafundisha watu kukutana, kujadili na kuamua, ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri. Katika miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa, na katika sehemu nyingi walihamishwa kwa nguvu. Mtu yule yule aliyeulizwa na kikundi chake achimbe choo wapi hakuulizwa ajenge nyumba wapi. Hapo ndipo panapoonekana tofauti kati ya kushiriki na kushirikishwa. Anayeshiriki anaweza kulibadili jambo. Anayeshirikishwa hulitimiza tu. Elimu ya utendaji isiyompa mwanafunzi uwezo wa kukataa huweza kuwa namna nyingine ya utii, yenye kelele zaidi kuliko ile ya kale, lakini utii ule ule.

Yaliyofuata yalithibitisha hatari hiyo. Uchumi ulipodhoofika mwishoni mwa miaka ya 1970, karatasi ilipokuwa adimu na mafuta ya taa yakaadimika, madarasa mengi yalipungua kisha yakafungwa. Mwanza ilikuwa na gazeti lake la wasomaji wapya, lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lakini chakula kimoja hakitoshi kulisha kijiji. Ukerewe ilikuwa na mwandishi mkubwa, Aniceti Kitereza, aliyekwisha maliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka wa 1945. Nayo ilingoja mpaka mwaka wa 1980 ndipo ikatolewa katika Kiswahili. Waliofundishwa kusoma katika kisiwa kile mwaka wa 1971 hawakuwa na njia ya kukisoma kitabu kilichoandikwa na mzee wa kisiwa chao. Sensa ya mwaka wa 2012 ilionyesha kwamba katika nchi, zaidi kidogo ya mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa hajui kusoma na kuandika. Kilichosimamishwa na wito wa juu hakikuweza kusimama peke yake wito ulipokoma.

Baada ya hapo elimu ya mbali ilipanda daraja ikafika chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka wa 1994, na Mwanza ikawa na kituo chake. Huko Nyegezi, chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka wa 1960 kiligeuka mwaka wa 1998 kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Barua ilipisha kanda za sauti, nazo zikapisha mtandao. Kisha, katika Machi 2020, ugonjwa wa korona ulifunga shule na vyuo vyote nchini. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Miezi ile ilikuwa michache, lakini ilitosha kuwaonyesha walimu wengi wa Afrika ya Mashariki, na wa dunia nzima, kwamba kuwa na mtandao si kuwa na darasa.

Maana kosa la redio lilirudi kwa sura mpya. Mhadhara wa saa mbili uliopelekwa kwa simu ni mhadhara ule ule, ila sasa mwanafunzi anaulipia bando. Majina 200 huonekana kwenye kioo, na hakuna ajuaye ni nani aliye macho. Kitabu kilichopigwa picha na kutumwa hakina tofauti na somo la posta la mwaka wa 1972, isipokuwa kwamba hufika upesi. Vyombo vimepata uwezo ambao redio haikuwa nao, kwa kuwa husikia pia. Mwanafunzi aweza kujibu, kuandika, kuonyesha kazi yake na kusahihishwa siku ile ile. Lakini uwezo huo hulala usipoamshwa na utaratibu.

Utaratibu wenyewe mwambao wa Ziwa unaujua. Wanafunzi 200 wagawanywe vikundi vya watu wanane au kumi, na kila kikundi kiwe na kiongozi aliyeandaliwa, kwani Mtu ni Afya haikuanza mpaka viongozi wake walipofunzwa. Mhadhara uwe mfupi, kisha chombo kinyamaze na watu waseme. Swali liwe lile ambalo jibu lake liko kwa mwanafunzi wala haliko kwa mwalimu: mwanafunzi wa uchumi aliye Magu aende mnadani akaandike bei, wa sheria aliye Musoma ahudhurie baraza la kata, wa uvuvi akae na wavuvi wa dagaa wanaporudi alfajiri na karabai zao, ahesabu walichopata na walichotumia. Kazi hiyo irudi kwa kikundi, ijadiliwe, ndipo mwalimu aseme neno lake. Kwa mwanafunzi mwenye simu dhaifu na fedha kidogo utaratibu huu ni nafuu pia, maana saa nyingi za kujifunza hupita nje ya kioo.

Lakini hayo yote yalikwisha fanywa, na yalikwisha onyesha mwisho wake. Kinachobaki kufanywa ni kile kilichopungua mwaka wa 1973: kwamba jibu la mwanafunzi, hata likipingana na kitabu, lipewe nguvu ya kukisahihisha kitabu. Mwanafunzi anayerudi kutoka mnadani na bei zisizopatana na maelezo ya mhadhara asiambiwe kwamba amekosea kuhesabu mpaka hesabu yake itazamwe. Mkulima wa Jimbo la Ziwa hakutaka kujua tarakimu ili aweze kukubali vizuri zaidi uzito aliotajiwa. Alitaka kuusoma mshale wa mizani kwa macho yake mwenyewe, na ukiwa umepotoka, aseme.